Mwethya wa Kumlilia Adero

Ndunge mke wa Kaleli hakujaliwa sauti ya chini. Akimsalimia mtu bombani asubuhi, mpaka nyumba ya mwisho ya laini, ile safu ya nyumba za vibarua wa shamba, walijua nani amesalimiwa na amejibu nini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa mwendo wa haraka, na kitambaa cha kichwa alikifunga kwa nguvu mpaka nyusi zikapanda, basi hata akiwa amefurahi alionekana kama anauliza, "Eti nini?" Alizaliwa ng'ambo ya Kilimambogo, akaolewa huko huko, na mwaka ule wa 1956 alikuwa anachuma kahawa upande wa Ruiru, kwa Kofia Mbili.

Kofia Mbili ndiye mzungu mwenye shamba. Alivaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, kwa kuogopa jua, na jina alilopewa na mama yake hakuna aliyehangaika nalo. Kaleli naye alifanya kazi kiwanda cha ngozi Thika, akawa anakuja kwa baiskeli kila Jumamosi na harufu ambayo sabuni ya kipande haikuiweza. Walikuwepo waliomcheka. Ndunge aliwajibu kwamba harufu hiyo inasomesha watoto wawili, je, wao harufu yao nzuri imemsomesha nani?

Huyo ndiye Ndunge. Watu walimwogopa kidogo, na wakipata shida walimtafuta yeye kabla ya mzee wa kanisa.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, kahawa imeiva mpaka matawi yanainama, nyapara Gachanja, Mkikuyu ambaye l zake mara nyingine zilitoka r, alisimama mbele ya laini akagonga debe kwa fimbo.

"Sikieni vizuri. Hii kelele ya alfajiri imefika mwisho. Bwana amesema Ijumaa dresa wa hospitali atakuja na rori. Akimwona bibi ya Jeconia na aseme huyu ni wazimu, anabebwa, anapelekwa Nairobi kwa hospitali ya watu wa wazimu. Imeisha. Kila mtu kwa kazi."

Bibi ya Jeconia ni Perez, Mjaluo, aliyekaa mlango wa pili kutoka kwa Ndunge. Mumewe, Jeconia Odhiambo, alishughulika na mashine ya kumenya kahawa. Alikuwa mtu mpole, mrefu kuliko mlango wa nyumba yake, na katika laini ile Wajaluo walikuwa wao wawili tu.

Gachanja naye msimwonee. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, vita vya Mau Mau, na kituo cha homgadi, walinzi waliopewa bunduki na serikali, kilikuwa pale chini tu, ng'ambo ya mto. Majuma mawili nyuma mmoja wao alisikia kelele za Perez kabla jua halijatoka, akaruka na bunduki, akapiga risasi ikatoboa bati la stoo. Siku nyingine ingetoboa mtu. Na aliyeitwa kujieleza alikuwa Gachanja.

Jioni Jeconia alikuja mlangoni kwa Ndunge, kofia mkononi.

"Dada, sina mahali pengine pa kwenda. Akipelekwa huko Nairobi nitawaambia nini watu wa kwao? Kwamba nilitoka nyumbani na wawili, nikabaki na sufuria?"

"Keti kwanza," Ndunge akamwambia. "Ukisimama hivyo unaniziba mwanga."

Wawili aliowataja ni Perez na binti yao, Adero. Adero alikuwa na miaka saba, mtoto wao wa pekee, mweusi tii, mwenye pengo mbele, asiyeweza kupita mlango wa mtu bila kuchungulia ndani ya chungu. Mwezi wa tisa surua ilipita laini nzima. Watoto wengine waliinuka. Yeye hakuinuka.

Mazishi yake yalikuwa ya kukimbizana. Amri ilikuwa watu zaidi ya watano wasikusanyike bila barua, na barua ilichukua siku tatu, na maiti haingoji barua. Fundi seremala aligonga sanduku la mbao za masanduku ya chai, wanaume wawili wakabeba, mzee wa kanisa akasoma mistari michache, na saa sita mchana Jeconia alikuwa amerudi kwenye mashine. Perez alipewa siku tatu. Mzee wa kanisa akamshika bega akamwambia, "Usilie, mama. Mtoto yuko kwa Bwana. Kulia sana ni kukosa imani."

Perez hakulia. Laini nzima ikamsifu. Mwanamke jasiri! Ndunge naye alimsifu, tena kwa sauti yake ile.

Na kwa huruma yao wakafanya jambo lingine. Pale laini mwanamke mwenye mtoto hakuitwa jina lake. Perez alikuwa Mama Adero tangu siku aliyoshuka na kikapu chake. Mtoto alipozikwa, watu wakaona kumwita hivyo ni kumtonesha kidonda. Wakaanza kusema Perez, au "wewe mama," na wengine wakakohoa tu mpaka ageuke.

Wiki ya tatu akaacha kuchuma. Ndipo kelele zikaanza. Kila alfajiri alitoka, mikono kichwani, akakimbia mpaka kwenye ua wa katani, akageuka, akarudi mpaka mlangoni, akageuka, huku akipaza sauti kwa Kijaluo, mara akiita, mara akifoka kama anayegombana na mtu aliyesimama mbele yake. Na mbele yake hapakuwa na mtu. Jeconia alipoulizwa mkewe anasema nini, aliinamisha kichwa kwa aibu. Basi watu wakafunga hesabu: mtu anakimbia huku na huku, anaongea na hewa, haogi, hachumi. Wazimu una rangi gani nyingine?

Ndunge naye aliamini hivyo, tusimpambe. Ila yeye alijiona ana dawa, na dawa hiyo aliipata kwenye mwili wake mwenyewe.

Wakati wa vita Kaleli alichukuliwa jeshini, akapelekwa Burma. Miaka mitatu, barua hakuna. Mama mkwe akasema mke aliyeingia nyumbani ana mguu mbaya. Majirani wakaacha kumpa salamu ndefu. Ndunge, yule mwenye sauti, akanyamaza. Akawa analala mchana, hali, haogi, akiangalia ukuta. Wengine wakasema ana pepo, apigiwe ngoma. Wengine wakasema aombewe. Kilichomtoa ni mwethya. Kule Ukambani, mwethya ni wanawake kushika majembe pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, na aliyelimiwa lazima naye atoke akalime kwa wenzake. Walimgongea mlango kwa mpini: "Toka! Ni zamu ya kwa Mbuvi!" Hakuulizwa anajisikiaje. Alitoka ili wasimpigie kelele tu. Akalima. Akatoka jasho. Wiki ya nne alijisikia anajibu mzaha wa mtu, akashtuka kama aliyesikia mgeni anaongea ndani ya nyumba yake.

Tangu hapo Ndunge aliamini dawa ya kila kitu ni jembe. Hapo ndipo alipokosea.

Jioni ile ile ya Jumanne, Jeconia alipokwisha kuondoka, alichukua majembe mawili akaenda kwa Perez. Alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Inuka, twende tukatifue nyuma ya nyumba. Utakaa hapo mpaka uote mizizi?"

Perez aliliangalia jembe, kisha akamwangalia yeye.

"Mwaka huu nimeshachimbiwa shimo moja," akasema taratibu. "Mnataka lingine?"

Ndunge akatoka na majembe yake mawili. 

Asubuhi yake, bombani, alikuwa anamlalamikia Jentrix Nakhumicha. Jentrix alikuwa Mluhya, mwanamke mfupi mnene wa kucheka, aliyefika laini majuma mawili tu nyuma. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Nimejaribu," Ndunge akasema. "Lakini wazimu ukishaingia, umeingia."

"Wazimu gani?" Jentrix akauliza bila kuinua kichwa.

"Si huyu wa Jeconia? Kwani wewe huna masikio?"

"Ninayo. Huyo mama analia. Analilia mtoto."

"Kulia ndiyo huko? Kukimbia na kufoka?"

"Sasa ulie umekaa, kama uko kanisani?" Jentrix akaweka sufuria chini. "Kwetu ni hivyo hivyo. Aliyefiwa anakimbia, anaita, anatukana kifo. Lakini kilio kina watu, Ndunge. Mmoja anaanza, mwingine anapokea. Aliyefiwa akifika mwisho wa boma, kuna watu wa kumdaka. Anadakwa, anarudishwa, anakimbia tena, anadakwa tena, mpaka miguu inakwisha anaketi. Huyu anafika kwa katani, hakuna mtu. Anarudi kwa mlango, hakuna mtu. Ataketi saa ngapi? Ninyi wote mnachungulia dirishani."

Ndunge alimkazia macho. "Na mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Mimi nimekuja juzi. Nilikuta mmeshaamua, hata rori mmeshaagiza."

Ndoo ya Ndunge ilikuwa imejaa na maji yanamwagika miguuni mwake. Hakufunga bomba. Aliondoka kwa ule mwendo wake, akapita milango yote, akasimama kwa Perez, na akasema kwa sauti ambayo hakuijaribu kuipunguza:

"Hodi, Mama Adero!"

Milango ikafunguka. "Ai, Ndunge!" akasema Syombua, binti wa Kikamba aliyeongoza kwaya, mkono mdomoni. "Huna hata huruma?"

Halafu Perez akatokea mlangoni, ameshika mwimo. Uso ulikuwa umekonda mpaka macho yamekuwa makubwa.

"Umesema nani?"

"Mama Adero. Au una jina lingine?"

Perez akaketi kizingitini.

"Nilidhani mmemsahau wote," akasema. "Siku ya nne hakuna mtu alisema jina lake. Siku ya tano, hakuna. Hata baba yake. Nikasema, kama na mimi nitanyamaza, itakuwa hakuzaliwa. Ndiyo natoka asubuhi nimtaje. Nakiambia kifo kitoke nje nikione, kama ni mwanaume."

Ndunge aliketi chini pamoja naye, kwenye vumbi. Maneno yalikuja mengi kichwani mwake na akayameza karibu yote, kazi ngumu kuliko kuchuma.

"Mimi pia niliacha kukuita," akasema mwishowe. "Nilidhani nakusaidia. Kwenu mtoto kama huyu angeliliwa na watu wangapi?"

"Boma lote. Na boma la pili."

"Hapa tuko wanawake kumi na wawili, na kulia hatujui. Tutatosha?"

Perez alimwangalia kama anayetafuta mzaha ulipojificha. Hakuuona.

Kulikuwa na Gachanja sasa, na amri ya watu watano. Saa sita mchana Ndunge alimkuta pale anapopimia kahawa, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, anakula kiazi kitamu.

"Bwana nyapara, makaburi yameota majani mpaka nyoka wamehamia. Kesho tukimaliza kuchuma tunataka kwenda kupalilia."

"Watu wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Hiyo ni mkutano."

"Mkutano wenye majembe umeuona wapi? Huo ni mwethya. Kwetu hata DC akitukuta na majembe hatuulizi barua, anatuambia tuongeze bidii."

Gachanja alitafuna polepole. "Na bibi ya Jeconia?"

"Atakuwepo. Si bwana alisema shida yake hafanyi kazi? Atashika jembe."

"Ndunge, mimi si mtoto. Kuparilia makaburi, siku moja kabla rori haijakuja."

"Basi kataa. Halafu Ijumaa mkimbeba, wewe ndiye utamshika miguu. Mimi sitamshika."

Nyapara alikiangalia kiazi chake kana kwamba jibu limeandikwa humo. Halafu akacheka kidogo, kwa pua.

"Wewe Mkamba, ungekuwa mwanaume ungekuwa umefungwa zamani. Nendeni. Kabra jua kuzama muwe nyumbani. Na wale wa kituo nitawaambia wanawake wanafyeka mahali pa nyoka. Mwanamke akiona nyoka lazima apige kelele. Wasishtuke."

Kumbe hata Gachanja alikuwa na moyo, ila alikuwa anauhifadhi mbali na kazi.

Aliyesumbua ni Syombua. "Mama, mzee wa kanisa alisema kulia kwa kelele ni kukosa imani."

"Yesu alilia kwa Lazaro, na alikuwa anajua atamfufua baada ya dakika mbili. Mzee wa kanisa amemzidi Yesu imani? Chukua jembe."

Alhamisi, saa kumi, wanawake kumi na wawili waliteremka na majembe begani, Perez katikati. Homgadi mmoja aliwapungia mkono kutoka ng'ambo. Makaburi yalikuwa kwenye mteremko juu ya mto, na kweli yalikuwa yamefunikwa na majani. La Adero lilikuwa na kibao kilichoandikwa kwa lami, herufi ya mwisho imebanwa kwa kukosa nafasi. Walipalilia karibu nusu saa bila neno, sauti ni ya majembe peke yake. Perez naye alilima. Alilima kuzunguka kaburi la mwanawe kwa uangalifu, kama anayefagia karibu na mtoto aliyelala.

Halafu akaweka jembe chini, na wote wakasimama.

Hakuna aliyejua kuanza. Jentrix alimtazama Ndunge, maana mwenye wazo ndiye hubeba mzigo. Ndunge akavuta pumzi, akainua mikono.

"Wooi! Wooi, Adero! Wooi!"

Syombua akadakia, kwa hofu akaingia na sauti ya kwanza ya kwaya, nyembamba, ya juu, ikitetemeka mwishoni. Wengine wakaunga, kila mtu na njia yake.

Perez aliwaangalia mmoja mmoja. "Hiyo ni nini?"

"Tunalia," Ndunge akasema.

"Wewe unafukuza kuku. Na huyu mtoto anaimba Krismasi."

Jentrix hakuweza. Alishika tumbo akacheka mpaka akainama, na Syombua, uso umeiva kwa aibu, akacheka pia. Na ghafla kitu kikamtoka Perez kooni, kikavu kama kikohozi, na watu wakagundua ni kicheko. Yeye mwenyewe alionekana kushangaa kukisikia.

"Kilio si wooi tu," akasema. Akasimama wima, na kwa dakika hiyo alikuwa mtu anayejua kazi kati ya watu wasioijua. "Mtaje. Sema alikuwa nani. Sema alikufanyia nini. Unatembea, unamwambia yeye, si mimi. Mikono hapa." Akaweka yake kichwani.

Wakaweka zao.

"Adero," akaanza mama mmoja kwa sauti ndogo, "uliniibia ndizi, ukasema ni panya."

"Adero! Ulikuwa unanifuata kwa kwaya na huna sauti!" Syombua akalia, na mara hii haikuwa sauti ya kwaya.

"Adero, ulikuja kuchungulia chungu changu," Ndunge akaita, "ukaniambia mboga zangu zina chumvi mpaka ng'ombe angekataa! Miaka saba, na ulisema kweli! Rudi uniambie tena, wewe mtoto! Nani ataniambia sasa?"

Hapo likapasuka. Hapakuwa tena na wa kufundishwa. Perez alipiga yowe lile la alfajiri, akakimbia kuteremka, akiita jina na kumtukana aliyemchukua, na alipofika mwisho wa makaburi, Jentrix alikuwa amesimama pale, mikono wazi. Akamdaka. Akamgeuza. Perez akakimbia kupanda, na juu alikuwepo Ndunge. Akamdaka. Perez akateremka tena. Huku wengine wakizunguka na mikono kichwani, wakimtaja Adero, na kati ya jina la Adero yakaanza kuingia majina mengine, ya watoto waliobaki Machakos ardhini, ya mama aliyezikwa bintiye akiwa mbali anachuma kahawa ya mtu. Hakuna aliyemzuia mwenzake. Kumbe kila mmoja alikuwa na wake, na wote walikuwa wamesifiwa kwa ujasiri.

Mara ya sita au ya saba, Perez alifika juu na miguu ikakwisha. Hakuanguka. Aliketi, Ndunge upande huu, Jentrix upande ule, akalia kilio cha chini, cha mtu aliyechoka, kilio chenye mwisho. Kitambaa cha Ndunge kilikuwa kimedondoka mahali fulani kwenye majani. Ndiyo siku watu wa laini waliziona nywele zake mara ya kwanza, na zilikuwa na mvi nyingi.

Walirudi kabla jua halijazama, kama walivyoahidi.

Ijumaa alfajiri hapakuwa na kelele. Ndunge aliamka saa ile ile kwa mazoea, akangoja. Kimya. Kwa majuma alikuwa akiomba kimya hicho, na sasa kilimtia hofu kuliko yowe. Alipokuwa akienda kuchuma aliona mlango wa Perez umefungwa. Jeconia, njiani kwenda kwenye mashine, akasema, "Nimemwacha amelala. Hajalala hivyo tangu mwezi wa tisa. Niliogopa hata kukohoa."

Saa tatu lori likaja. Boaz, dresa, alishuka na koti lake jeupe na kaptura ya kaki, mtu mzito wa maneno machache, ametumwa na karatasi. Gachanja alimpeleka kwa Perez. Ndunge aliyaona hayo kutoka mistari ya kahawa, akaacha debe lake pale pale na kuwafuata mbio.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, hakuna mtu. Kitanda kimetandikwa.

"Amekimbia," Gachanja akasema, na hakuonekana mtu aliyefurahi.

Ndunge aliangalia upande wa mteremko. Alikuwa anafikiria mto. Walizunguka nyuma ya nyumba, wakaangalia bombani, wakaita. Boaz akakunja karatasi yake. Wakarudi kwa njia ya mahali pa kupimia kahawa, ili Gachanja atume watu wa kutafuta.

Perez alikuwa amesimama pale, mkono kiunoni, debe mbele yake.

"Bwana nyapara, umetembea wapi? Watu wanangoja kupimiwa."

Halafu Gachanja, pengine kwa mazoea, pengine kwa kukosa kitu kingine cha kusema, akaliangalia lile debe.

"Halijajaa. Ongeza."

"Limejaa."

"Kwangu debe ni mpaka irundikane juu, iwe na kichwa."

"Debe lina mdomo," Perez akasema. "Kahawa ikifika mdomoni, limejaa. Hicho kichwa kisicholipwa ni cha nani? Mimi nimekaa majuma nyumbani lakini debe sijalisahau. Chukua mkono wako upitishe hapa juu. Pitisha! Unaona ukiingia shimo?"

Boaz alisogea. "Mama, unaitwa nani?"

"Mama Adero."

"Na Adero yuko wapi?"

Ndunge alifunga macho.

"Amekufa mwezi wa tisa, kwa surua," Perez akasema. Sauti ilitikisika, haikukatika. "Amelala pale chini, juu ya mto. Kumepaliliwa vizuri. Nenda ukaone."

"Wanasema unalia asubuhi."

"Nalia. Wewe wa kwako akifa, utacheka?"

Boaz akalikaribia debe, akapitisha kiganja juu ya kahawa, sawa na mdomo, kutoka ukingo huu mpaka ule. Akatoa kalamu na kuandika kwenye karatasi yake.

"Nyapara, huyu mimi simpeleki mahali. Na hili debe limejaa."

Si kwamba mambo yalinyooka kutoka hapo. Krismasi ile Perez hakutoka nyumbani siku mbili, na Ndunge alienda akaketi naye bila kuongea, siku mbili Ndunge bila kuongea, jambo ambalo Kaleli alikataa kuliamini alipohadithiwa. Mvua za masika zilimrudisha nyuma tena. Lakini walishajua wamwite nani na wamdake wapi. Na mke wa fundi seremala alipofiwa, na baadaye dada yake Gachanja mwenyewe, mumewe akiwa kizuizini na nyumba yake imevunjwa, watu hawakuuliza kwanza kama ana wazimu. Walimuuliza Ndunge majembe yaletwe saa ngapi.

Ila Ijumaa ile mambo hayakuishia kwa Boaz. Lori lilipokuwa likigeuza, tupu, Gachanja alichukua debe la Perez, akalimwaga, akaandika, uso umekunjamana. Alipoinua macho akamkuta Ndunge amesimama mbele yake na debe lake, amelirudia huko mistarini mbio, kahawa imekaa mdomoni, sawa kama maji.

"Na hili," Ndunge akasema.

Nyuma yake alikuwa Jentrix. Nyuma ya Jentrix, Syombua. Mstari ulifika mpaka kwenye kona ya stoo, na hapakuwa na debe hata moja lenye kichwa.

Gachanja aliwaangalia, akaangalia vumbi la lori barabarani, akavuta debe la kwanza.

"Haya," akasema. "Reteni."